Kabla ya kununua sabufa, tuwasikilize wa viti vya nyuma

Kanisa likikusanya sadaka za vyombo vya sauti, mara nyingi tunakimbilia sabufa kubwa, kwa sababu ngurumo yake inapendeza dukani. Sisi pia tulifanya vile. Jumapili iliyofuata mama mmoja wa viti vya nyuma akatuambia: «Ngoma ninaisikia, lakini mahubiri hapana.»

Sababu ni hii. Sikio la mtu husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20.000 hivi kwa sekunde. Sabufa hufanya kazi chini kabisa, karibu 20 hadi 100: ni sauti ya ngoma na gitaa la besi. Lakini herufi zinazotofautisha maneno, kama s, f na t, ziko juu, kwenye 2.000 na kupita. Sabufa haiwezi kuzitoa, hata iwe kubwa namna gani.

Kwa hiyo tunashauri tuanze na spika mbili nzuri. Tuziinue juu ya vichwa vya walioketi, na mikro ikae nyuma yake ili zisipige filimbi. Kabla ya kulipa, mtu asome Biblia kwa sauti ya kawaida, wengine wasikilize kutoka mbali. Tuulize pia kama jenereta yetu inaziweza.

Sabufa ije mwisho. Ikiwekwa chini karibu na pembe ya ukuta, ngurumo yake huongezeka bila gharama.

Aliyeketi nyuma naye alitoa sadaka. Asikie.