Je, Wajua? Namba Iliyodhaniwa Ndiyo Mwisho

Isome taratibu: 2,147,483,647. Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Ukizidisha mbili thelathini na moja zote pamoja, kisha ukatoa 1, unaipata. Nayo ni namba tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Mtawa Mfaransa Marin Mersenne aliitaja kuwa tasa mwaka 1644, lakini hakutoa ushahidi, na katika orodha yake hiyohiyo zimo mbili zisizo tasa. Aliyemaliza ubishi ni Leonhard Euler, Mswisi aliyeishi St. Petersburg, mwaka 1772, macho yake yakiwa karibu yamekufa kabisa. Njia ya kawaida ingekuwa kuijaribu kwa kila namba tasa hadi 46,339, na hizo ni zaidi ya elfu nne. Euler alionyesha kwamba namba yoyote tasa inayoweza kuigawanya, ukiigawanya hiyo kwa 248, lazima ibaki 1 au 63. Kwa hila hiyo, kazi ikashuka hadi migawanyo isiyozidi 372. Yote ilitoa baki. Kwa miongo mingi baadaye, hapakuwa na namba tasa kubwa zaidi iliyojulikana.

Je, wajua kwamba inazaa namba timilifu? Timilifu ni kama 6: vigawanyo vyake vidogo, 1, 2 na 3, vikijumlishwa vinarudisha 6. Ya kwetu inazaa 2,305,843,008,139,952,128. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa hazina faida yoyote na hakuna atakayejisumbua kuzitafuta. Hakuwajua wanahisabati! Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha namba tasa ya tarakimu 39, inayozaa timilifu kubwa zaidi, na iliyopatikana mwaka 2024 ina tarakimu zaidi ya milioni 41.

Hata kompyuta zinaijua 2,147,483,647. Ndiyo namba kubwa kabisa inayoingia katika biti 32, biti moja ikiwa imetengwa kwa alama ya chanya au hasi. Mifumo mingi ya zamani huhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na nafasi hiyo itajaa Jumanne, Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, mashine isiyorekebishwa itadhani ni Desemba 1901, mwezi uleule reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu. Dawa yake ni kuhesabu kwa biti 64, na huko nafasi itajaa baada ya miaka kama bilioni 292.