Pedali ya Gitaa Ichaguliwe kwa Sikio

Barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge ifikapo Gitaza hujikuta imebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Juu ni migomba na mihogo iliyoshikilia miteremko. Chini ni mitumbwi ya wavuvi wa ndagala na mukeke, watu wanaokesha ziwani kwa taa na kurejea alfajiri. Katika ukanda huo mwembamba kila sauti husikiwa na wengi: kwaya kanisani, redio dukani, spika za arusi, honi za magari ya abiria. Kijana mwenye gitaa la umeme hapungukiwi na wasikilizaji. Apungukiwacho ni mlio wa kupenya kelele hizo. Ndipo anapoanza kutamani ile sauti kali, yenye kukwaruza na kudumu, aisikiayo katika nyimbo za kigeni, na ndipo anaposhauriwa anunue pedali.

Ushauri huo si mbaya, lakini ni nusu ya ushauri. Fedha ya pedali aghalabu ni akiba ya miezi mingi, na penye kwaya huwa ni mchango wa waimbaji wote. Ikinunuliwa isiyofaa, waliochanga huisikia kila Jumapili, na mpiga gitaa hulaumiwa kwa kosa la kijisanduku kilicho chini ya mguu wake.

Pedali ni kikanyagio kidogo kinachowekwa kati ya gitaa na kikuza sauti, ambacho wengi hukiita amplifaya. Kazi yake ni rahisi kueleza. Uzi wa gitaa ukipigwa, umeme utokao huenda kwa mawimbi yenye vichwa vya mviringo. Pedali huyakuza mawimbi hayo mpaka yawe marefu kuliko dari ya nyumba iliyowekewa, na kichwa kinachogonga dari hukatwa. Katika kukatwa huko huzaliwa sauti nyingine za juu ambazo uzi wenyewe haukuzitoa kwa nguvu hiyo, na hizo ndizo sikio huzitambua kuwa ni ukali. Dari ikiwa laini na kichwa kikabonyea tu, hiyo huitwa ovadraivu. Kikikatwa kwa ghafula kama kwa panga, ni distoshoni. Wimbi likikatwa juu na chini hata karibu liwe la mraba, ni fazi, na mlio wake ni wa nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo.

Mlio huu ulianza kwa ubovu wa vyombo. Mwaka 1951 huko Marekani, gitaa la Willie Kizart lilirekodiwa kupitia amplifaya iliyoharibika njiani, katika wimbo wa Rocket 88. Mwaka 1961 mjini Nashville, gitaa la besi la Grady Martin lilipitishwa katika mtambo wa studio uliokuwa na hitilafu, likatoa mkoromo ambao watu waliupenda. Fundi mitambo Glenn Snoddy alisaidia kuutengeneza mkoromo huo kwa transista, na mwaka 1962 pedali ya Maestro Fuzz-Tone ikaingia madukani. Haikupata soko la maana mpaka mwaka 1965, kundi la Rolling Stones la Uingereza lilipoitumia katika wimbo uliovuma dunia nzima. Wajapani walikuja baadaye na vyombo vya upole zaidi: Boss walitoa OD-1 mwaka 1977 na DS-1 mwaka 1978, na Ibanez wakatoa TS808 mwaka 1979. Pedali nyingi za bei nafuu zinazouzwa leo ni nakala za hizo mbili za mwisho, ijapokuwa rangi na majina hutofautiana.

Asidhani mtu kwamba mkwaruzo ni kitu cha ugenini. Wapigaji wa ikembe katika nchi za maziwa makuu mara nyingi huvisha vyuma vyake pete ndogo zinazovuma kila chuma kinapobonyezwa. Mvumo huo ni sehemu ya utamu wake. Mjini Kinshasa, marehemu Mawangu Mingiedi na wenzake wa Konono No. 1 walizikuza likembe zao kwa vinasa sauti vya kujitengenezea, vyenye sumaku zilizotolewa katika vipuri vya magari. Sauti ikachafuka, wao wakaukubali uchafu huo na kuujengea muziki, na albamu yao ya Congotronics ya mwaka 2004 ikasikilizwa mbali. Nako Zambia, nchi ambayo kwa bandari ya Mpulungu hunywa maji ya Ziwa Tanganyika hili hili, vijana wa miaka ya 1970 walichanganya fazi na midundo ya kwao. Muziki huo uliitwa Zamrock. Amanaz walitoa albamu yao ya Africa mwaka 1975. WITCH, kundi la Emanyeo Chanda aitwaye Jagari, lilirudi tena na kutoa albamu ya Zango mwaka 2023.

Hata hivyo magwiji wa gitaa waliosikilizwa zaidi pwani hii hawakujulikana kwa mkwaruzo. Docteur Nico, Franco, na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro walisifika kwa sauti safi, kila noti ikisikika kama tone la maji. Wengine husema ni kwa sababu pedali zilikuwa adimu. Huenda adimu zilikuwa, lakini sababu kubwa zaidi imo ndani ya muziki wenyewe, na anayetaka kununua pedali hana budi kuielewa kabla ya kufungua mkoba.

Hesabu ya noti mbili

Pedali ikipitishiwa noti mbili kwa pamoja haizikwaruzi kila moja peke yake. Huzichanganya, na katika mchanganyiko huo huzaa noti nyingine ambazo hakuna aliyezipiga. Mojawapo ni ile ipatikanayo kwa kutoa mitetemo ya noti moja kutoka katika ile ya nyingine. Tuchukue noti ya La yenye mitetemo 220 kwa sekunde na Mi iliyo juu yake, yenye karibu 330. Tofauti yake ni 110, ambayo ni La nyingine ya chini. Mgeni huyo ni wa ukoo, anakaribishwa. Ndiyo maana wapigaji wa roki hupenda kupiga noti mbili za namna hiyo kwa distoshoni nzito, na sauti husimama imara kama ukuta.

Sasa ichukuliwe La ile ile pamoja na Do iliyopandishwa nusu sauti, ambayo kwenye gitaa ina mitetemo karibu 277. Tofauti ni 57. La ya chini kabisa ni 55, na noti inayofuata nusu sauti juu yake ni 58. Huyo 57 si wa nyumba hii wala si wa nyumba ya jirani. Amesimama uani akigombana na wote wawili. Na noti mbili za namna hii, zinazotembea sambamba zikipanda na kushuka, ndizo roho ya solo ya rumba, na kwaya nyingi nazo huzipenda. Distoshoni nyingi ikiwekwa hapo, utamu hugeuka matope. Mpiga gitaa hufikiri kwamba gitaa lake limeachia nyuzi, hulirekebisha mara tatu, nalo halina kosa.

Kwa bahati njema, mchanganyiko huo hutokea ndani ya pedali moja tu. Solo akiwa na pedali yake na rithimu akipita njia yake mwenyewe, noti za hawa wawili hazitagombana kwa sababu ya pedali. Kwa hiyo anayepiga uzi mmoja mmoja anaweza kujitia ukali mwingi bila madhara. Anayepiga noti mbili mbili apunguze. Na mpiga rithimu, ambaye mkono wake hugusa nyuzi nne hadi sita kwa pigo moja, afadhali aiache pedali nyumbani au aiwashe kwa kiasi kisichotambulikana upesi.

Aina gani basi?

Kwa rumba, dansi na nyimbo za kwaya, inayofaa ni ovadraivu. Zile za ukoo wa TS808 hupunguza besi na kuinua sauti za kati, karibu na mitetemo 700 kwa sekunde, mahali ambapo gitaa husikika hata besi na ngoma zikiwa zimechachamaa. Distoshoni ya ukoo wa DS-1 hufanya kinyume: hupunguza sauti za kati na kuacha za juu na za chini. Chumbani, mtu akiwa peke yake, hiyo ya pili huvutia zaidi. Akiingia kwenye bendi, gitaa hupotea, naye huongeza sauti, na wenzake nao huongeza zao. Fazi ni ya atakaye kufuata njia ya Wazambia, na si njia mbaya, ila anayeifuata ajue kwamba muziki wote utalazimika kupangwa upya kuizunguka.

Liko tatizo jingine ambalo vitabu vya mafunzo vya Ulaya havilishughulikii sana, kwa kuwa huko kila mpigaji hudhaniwa kuwa na amplifaya ya gitaa. Makanisani na arusini gitaa mara nyingi huchomekwa moja kwa moja katika mikisa pamoja na maikrofoni za waimbaji. Spika ya gitaa huchoka ifikapo mitetemo kama 5,000, nayo humeza sehemu kubwa ya ukwaruzo wa juu. Spika za ukumbini zina tarumbeta za kupandisha sauti mbali zaidi ya hapo. Haziuonei haya ukwaruzo wala haziufichi. Pedali iliyosikika tamu dukani kwenye amplifaya huwa misumari masikioni mwa waumini. Dawa ni kupunguza sauti za juu, kwanza kwenye pedali yenyewe, kisha kwenye mikisa, na kutumia ukali mdogo. Pedali za kidijitali zenye kuiga spika ya gitaa hutibu jambo hili vizuri, zikiwa ndani ya uwezo wa mnunuzi. Nayo mikisa isisukumwe mpaka taa zake nyekundu ziwake, maana hapo ndipo sauti za wote, waimbaji na magitaa, hukatwa vichwa ndani ya nyumba moja.

Dukani, mnunuzi aende na gitaa lake mwenyewe na wimbo aupigao kila wiki. Kwanza aiweke pedali ili sauti yake ikiwashwa iwe na ukubwa ule ule kama ikizimwa. Asipofanya hivyo sikio litamdanganya, kwani sauti kubwa kidogo daima huonekana nzuri zaidi, na muuzaji hodari analijua hilo. Kisha apige noti mbili mbili zile za rumba, si uzi mmoja tu. Azungushe kila kifundo polepole: kikikoroma chenyewe kina vumbi au kutu. Akanyage swichi mara ishirini bila haya. Aizime na kusikiliza kama gitaa limefifia. Kasha la chuma hustahimili kiatu kuliko la plastiki.

Vifundo kwa kawaida ni vitatu. Draivu ni kiasi cha kukata. Toni ni wembamba au unene wa sauti. Levo ni ukubwa wake inapotoka. Katika pedali za ukoo wa RAT kifundo cha kuchuja hufanya kazi kinyume na matarajio, kikizungushwa kulia sauti hufifia badala ya kung'aa, na wengi wameirudisha dukani wakidhani ni mbovu. Pa kuanzia pazuri ni draivu robo, toni nusu au chini yake, na levo juu kidogo kuliko sauti tupu ya gitaa. Toka hapo mkono uhamie kwenye kifundo cha sauti cha gitaa lenyewe. Kikipunguzwa, mawimbi hayafiki darini na sauti husafika. Kikifunguliwa wakati wa solo, ukali hurudi. Wapigaji wazuri huikanyaga pedali mara moja mwanzoni mwa wimbo na baada ya hapo huiongoza kwa kidole kidogo. Penye pedali ya mwangwi, ya ukali itangulie na ya mwangwi ifuate. Zikipinduliwa, miangwi yote hukwaruzwa pamoja na maneno hayaeleweki.

Umeme nao una masharti yake. Ovadraivu ya kawaida hula miliamperi chache tu, kwa hiyo betri moja nzuri ya volti 9 huweza kuihudumia kwa makumi ya saa, hata siku ambazo umeme wa gridi haupo na bendi inategemea jenereta. Pedali za kidijitali hula zaidi sana, na nyingi hazipokei betri hiyo hata kidogo. Chaja ya simu haifai, kwani hutoa volti 5. Wenye mitambo ya jua wasiunge pedali ya volti 9 moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, ambayo inapochajiwa hufika hata 14, isipokuwa kama mtengenezaji ameruhusu hivyo kwa maandishi. Plagi ya pedali nyingi huwa na hasi katikati na chanya nje. Mchoro wake upo ubavuni, na dakika moja ya kuutazama ni nafuu kuliko kununua nyingine.

Waya wa gitaa uchomolewe kila upigaji unapokwisha. Katika pedali nyingi ni plagi ya waya huo, upande wa kuingilia, inayofunga njia ya betri, wala si swichi ya mguu. Ikiachwa imechomekwa usiku kucha, taa imezimwa na chumba kimya, betri huendelea kuliwa hadi asubuhi. Na kwa kuwa unyevu wa ziwa huota kutu upesi kwenye vyuma, plagi zifutwe kwa kitambaa kikavu kabla hazijafungiwa sandukuni.