Kwa Nini Pua ya Ndege ya Karatasi Hukunjwa

Msomaji wetu, mwalimu wa shule ya msingi huko Guta, Bunda, anauliza: kwa nini wanafunzi wakirusha ukurasa wa daftari ulivyo unapinduka-pinduka na kuanguka miguuni pao, lakini wakiukunja pua mara tatu nne unafika ukuta wa nyuma wa darasa? Uzito wa karatasi haujaongezeka hata chembe.

Habari za ukinzani wa hewa zimo kwenye vitabu vya sekondari, tuziruke. Utamu uko kwenye vitovu viwili. Kimoja ni cha uzito: pale ukiiegemeza karatasi kidoleni inalala sawa. Kingine ni pale msukumo wote wa hewa kwenye bawa unapojumlika. Wapo wanaokiita kitovu cha hewa, jina linalopotosha. Mimi nakiita kitovu cha msukumo. Hiki hakitulii. Bawa bapa likikata hewa kwa mwinamo mdogo, hukaa karibu robo ya njia kutoka ukingo wa mbele. Pua ikizidi kuinuka, hurudi nyuma kuelekea katikati.

Mtazame mama anayetoka mwaloni na beseni la dagaa kichwani, mikono mitupu. Beseni likielemea mbele, shingo huwahi mbele. Likielemea nyuma, shingo hurudi. Hashindani nalo kwa nguvu, analipelekea tegemeo upande unaotaka kuanguka. Ndivyo hewa inavyoifanyia karatasi. Pua ikiinama, kitovu cha msukumo hukimbilia mbele na kuiinua. Ikiinuka kupita kiasi, kinarudi nyuma, mkia unanyanyuliwa, pua inashuka. Mama ana macho, ana mazoea ya tangu utotoni. Karatasi ina umbo lake tu, na bado inajiweka sawa tena na tena hadi inatua. Sijui jambo zuri zaidi ya hili linalopatikana kwa ukurasa mmoja wa daftari!

Sharti ni kwamba kitovu cha uzito kikae kati ya robo na nusu ya bawa. Ukurasa mtupu unacho katikati kabisa, ndiyo maana unapinduka. Kunja theluthi ya mbele, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka iwe ufito mwembamba ukingoni: kitovu kinahamia theluthi ya bawa lililobaki, mahali penyewe. Ukikunja zaidi ya nusu, kinavuka robo na ndege inapiga mbizi.

Mwaka 2022 Leif Ristroph na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York walichapisha haya katika jarida la Journal of Fluid Mechanics, baada ya kurusha karatasi zenye uzito wa ziada mbele na kuchunguza vibamba vikizama ndani ya tangi la maji. Bawa lililopinda, kama la ndege zinazotua Mwanza, hufanya kinyume: pua ikiinuka, kitovu cha msukumo kinakwenda mbele na kuiinua zaidi. Ndiyo sababu ndege hizo zina bawa dogo mkiani.

Mwalimu ajaribu asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza kuvuma kuelekea nchi kavu. Aachie taratibu, asirushe kwa nguvu. Ikipiga mbizi, apinde ukingo wa nyuma juu kidogo. Ikiinuka na kusita hewani, aongeze mkunjo mmoja mbele.