Samaki wa tangini: hasara ya wasiopatana, na ya wanaopatana mno

SUDI, Lindi – Ghuba ya Sudi, kusini mwa mji wa Lindi, haijawahi kuwa na shida ya samaki wa kitoweo. Samaki wa kuuza akiwa hai, wa kupamba sebule au mapokezi ya gesti, ni bidhaa nyingine kabisa, na mtaji wake unaweza kufa usiku mmoja. Kwa mfanyabiashara wa ukanda wa Kilwa, Lindi na Mtwara anayetaka kuijaribu, hasara kubwa mara nyingi haitokani na bei ya ununuzi. Inatokana na kuweka pamoja samaki wasiofaa kukaa pamoja.

Kwanza ni maji. Watoto wa changu na samaki wengi wa mikokoni hawawezi kuishi kwenye maji baridi ya tangini. Mwatiko anavumilia maji ya aina zote mbili, lakini hukua kupita mita moja, hivyo huyo ni wa bwawa. Visima vingi vilivyochimbwa kwenye miamba ya matumbawe ya pwani hutoa maji magumu, yenye chokaa, ambayo sabuni haitoi povu kirahisi. Maji hayo hayawafai samaki wadogo wa Amazon wanaopendeza kwenye picha, kwani wao wamezoea maji laini. Yanawafaa zaidi samaki wa Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yana pH ya karibu 9. Kisima chenye ladha ya chumvi kiachwe, maana ugumu na chumvi ya bahari ni vitu viwili tofauti.

Hapo mwenyeji wa Sudi ana nafuu. Samaki wa Tanganyika wamekuwa bidhaa ya kimataifa tangu miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alipoanza kuwasafirisha kutoka Burundi, na Kigoma nayo imo katika biashara hiyo. Ziwa hilo lina aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo wa sato na perege, wengi wao hawapatikani kwingine duniani. Kwa joto la Lindi hakuna haja ya kununua hita. Kinachohitajika ni pampu ya hewa, maana maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo.

Mpangilio unaofaa ni wa kugawana nafasi. Neolamprologus multifasciatus, asiyefika sentimita 5, huishi ndani ya kombe tupu juu ya mchanga, na makombe Sudi hayanunuliwi. Yachemshwe, yasuguliwe, na yachaguliwe yenye mdomo mpana ili samaki asikwame. Jozi moja ya Julidochromis ipewe rundo la mawe upande mmoja. Tangi likizidi urefu wa mita moja, kundi la Cyprichromis litaogelea juu, mradi kuna kifuniko, kwani hao huruka. Watatu hawa hawagombanii chumba.

Wasiopatana hujulikana kwa midomo yao. Cyphotilapia, yule mwenye nundu kichwani, hupita sentimita 30 na huwala Cyprichromis wakiwa usingizini. Mtoto wa kambare aliyeokotwa kwenye majaruba ya mpunga humeza chochote kinachoenea mdomoni. Tropheus naye hana ubaya wa kumeza wenzake, ila utumbo wake mrefu umeumbwa kwa ukoga wa mawe. Akilishwa vyakula vya wala nyama huvimba tumbo na kufa. Tena akiwekwa na wenzake watatu au wanne tu, mnyonge huandamwa mpaka afe. Afugwe katika kundi la kumi na mbili au zaidi, ili ukali ugawanyike.

Wanaopatana mno ndio hasara isiyoonekana. Tropheus ana rangi nyingi, kila moja na sehemu yake ya ufukwe, na mnunuzi wa Ulaya hulipia jina la mahali. Rangi mbili zikichanganywa tangini huzaana. Watoto wanatoka wazima, wenye afya, na hawana soko. Ndivyo ilivyo kwa Nothobranchius, samaki wadogo wenye rangi kali wanaoishi kwenye madimbwi ya msimu. Pwani ya kusini-mashariki ina wake, akiwemo N. ruudwildekampi aliyepewa jina mwaka 2009. Madume ni wakali, na majike wa aina mbalimbali hufanana kiasi cha kumchanganya hata mzoefu. Tangi moja aina moja, dume mmoja kwa majike wawili au watatu.

Mkoa wa Lindi una mfano wa jambo hili nje ya kioo. Katika maziwa ya Rutamba, Nambawala na Mitupa, watafiti waligundua kati ya 2013 na 2016 perege wa Korogwe wa kipekee, waliotengana na ndugu zao wa Tanga kwa takriban miaka 140,000. Vipimo vya vinasaba vilivyochapishwa baadaye vilionyesha kuwa wameshaanza kuzaana na sato wa kigeni. Kwa hiyo samaki anayechosha mwenyewe asimwagwe ziwani wala mtoni.

Nothobranchius wana faida moja kwa mwenye mtaji mdogo: mayai yao hustahimili ukame na husafirishwa kwenye udongo wenye unyevu ndani ya kifuko kidogo, bila oksijeni wala sanduku la maji. Kuwakusanya na kuwauza nje kunahitaji vibali chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Ofisi ya uvuvi ya wilaya ndiyo pa kuanzia.

Tangi jipya lisijazwe siku moja. Lipewe wiki nne hadi sita na samaki wachache wagumu, mpaka bakteria wa chujio waweze kuondoa amonia. Kwenye maji magumu ya pwani amonia huua kwa kiasi kidogo zaidi kuliko kwenye maji laini. Mteja akidai tangi limejaa siku ya ufunguzi wa gesti, auziwe mawe na makombe kwanza.