NDEGE WA MABOYA NA KAYE YA MTU WA MADINI



Siku moja kijana wa hapa Butembo alinikuta kwenye njia ya shamba. Alikuwa amesimama kimya, anatazama kichaka.

"Baba Pasta, hii ndege jina yake nani?"

"Mwanangu, sijui."

"Basi ni nani anajua?"

Nilikosa la kumjibu, nikaenda nyumbani na swali lake. Nilipotafuta, nikakuta jambo ambalo halinitoki moyoni: mmoja wa watu waliowajua sana ndege wa Kivu alikuwa mtu wa kazi ya madini, kama wengi wenu munaosoma gazeti hili.

MTU WA KAMITUGA

Jina lake Alexandre Prigogine. Alizaliwa Urusi mwaka 1913, baadaye akahamia Ubelgiji, akasomea kemia. Ndugu yake Ilya alipata zawadi ya Nobel ya kemia mwaka 1977. Alexandre yeye alikuja Kongo mwaka 1938, akafanya kazi ya madini huko Kamituga, Kivu ya Kusini. Kazi iliyomlisha ilikuwa mawe. Ndege hawakuwa kazi yake ya mshahara. Aliwafuata kwa kupenda tu, yeye pamoja na wenyeji waliojua njia za msitu wa Itombwe kuliko yeye.

Kila ndege aliyepatikana aliandikiwa siku, pahali na urefu wa mlima. Maandiko hayo yakawa vitabu juu ya ndege wa Itombwe, vilivyotoka kati ya 1971 na 1984. Prigogine alifariki mwaka 1991.

Angalieni faida ya kuandika. Mwaka 1951 bundi mmoja alipatikana Muusi, katika Itombwe. Mwaka uliofuata wataalamu walisema ni wa namna mpya, wakamwita kwa jina la Prigogine. Kisha miaka ikapita bila mtaalamu kumshika mwingine. Wengine wangesema amekwisha. Lakini tarehe 1 Mei 1996 watafiti, na Wakongomani wakiwa kati yao, walimnasa mmoja kwa wavu katika Itombwe, wakampiga picha, wakamwachilia. Miaka 45! Wangejuaje pahali pa kutafuta, kama hapakuwa na mtu aliyeandika?

Kuna na ndege mwingine wa usiku, aliyepatikana Itombwe mwaka 1955. Alikaa ndani ya sanduku la makumbusho miaka 35, mpaka mwaka 1990 mtaalamu alipotambua kwamba hafanani na wengine wote. Karatasi ndogo iliyofungwa mguuni ilikuwa bado inasema alitoka wapi na siku gani. Ndege alikuwa amekufa zamani, lakini ile karatasi iliendelea kushuhudia.

NDEGE ALIYE WETU

Sasa turudi kwetu. Ninyi munaopita barabara ya Butembo kwenda Beni munaijua Maboya. Mwaka 1967 ndege wa upande huo alitangazwa kuwa wa namna mpya, na yeye pia akapewa jina la Prigogine. Wataalamu humwita Chlorocichla prigoginei. Mgongo wake ni wa kijani kilichofifia, tumbo ni la manjano, koo ni jeupe-jeupe. Ni wa jamaa moja na yule ndege mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, anayetuamsha asubuhi katika miti ya nyumba.

Dunia nzima, anajulikana pahali pawili tu: milima ya kwetu, magharibi ya ziwa Edward, na milima ya Walendu kule Ituri. Hapatikani Kenya, wala Uganda, wala Ulaya. Na wataalamu wamemweka katika hesabu ya ndege walio katika hatari ya kwisha.

Sababu munaiona wenyewe. Vilima vyetu vimejaa mikaratusi na mashamba. Hatuwezi kuwalaumu watu, kwa maana mtoto anataka kula na nyumba inataka mbao. Lakini tufikiri kidogo: mwenye mali ya namna hii asiyejua hata jina lake, akipotewa nayo atajuaje?

VIPEPEO NA NONDO

Nondo ni ndugu wa vipepeo, ila wengi wao hutembea usiku na kufuata taa. Wale viwavi tunaokula, wengi wao ni watoto wa nondo. Na katika misitu ya upande wa Beni anaruka Papilio antimachus, kipepeo mkubwa kuliko wote wa Afrika: mabawa yake yakifunguliwa yanaweza kupita sentimita 20. Mwaka 2018 Robert Ducarme alitoa orodha ya vipepeo vya kaskazini-mashariki ya Kongo katika jarida Metamorphosis. Orodha ya namna ile hujengwa kipepeo kwa kipepeo, siku kwa siku.

NAMNA YA KUANZA

Vijana, hamuhitaji franga nyingi. Kaye moja na biki vinatosha.

1. Andika tarehe, saa na pahali: jina la kijiji, la mto, la kilima.
2. Andika ulichoona, si ulichodhani: rangi ya kichwa, mgongo, tumbo, mkia, sauti, alikuwa anakula nini.
3. Hesabu. "Wengi" si hesabu. Andika "watatu".
4. Jina ukilikosa, acha nafasi. Weka jina la Kinande ukilipata kwa wazee. Usibahatishe.
5. Kwa nondo, tundika shuka nyeupe karibu na taa, ungojee.
6. Mwenye simu apige picha. Programu kama iNaturalist na eBird hupokea maono ya watu wa kawaida, na iNaturalist ina watu wanaosaidia kutaja jina.

Jambo la kuangalia: usalama kwanza. Tangu Oktoba 2014 familia nyingi za Beni zinalia wafu wao. Msiingie msituni kwa ajili ya kipepeo. Ua wa nyumba, shamba na mti wa avoka vinatosha kuanza. Msielekeze simu wala darubini upande wa askari. Na baada ya Ebola ya 2018 mpaka 2020 munajua wenyewe: mnyama aliyekutwa amekufa haguswi.

Yule kijana sasa ana kaye. Ukurasa wa kwanza ameandika: "Kichaka cha nyuma ya shamba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ndege mmoja, mgongo kijani. Jina: —" Nafasi ya jina iko bado wazi. Nimemwambia asiifute wala asiijaze kwa haraka. Wenye kujua watakuja siku moja, nao watauliza: mulimwona wapi, na lini?

YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Ni ndege gani ambao babu na bibi waliwaona hapa, na sisi hatuwaoni tena?
2. Watoto wetu wanajua majina mangapi ya ndege kwa Kinande?
3. Nani katika nyumba hii atashika kaye?