Ulimi wa Bariadi Mbele ya Mama Mkwe

Ushawahi kuogopa kufungua mdomo ukweni? Mimi ni mzaliwa wa Bariadi, enzi hizo ikiwa bado Shinyanga, kabla Mkoa wa Simiyu haujaanzishwa 2012. Nikapata mchumba wa Tanga, nikasilimu, na ukweni wakataka kunisikia nikisoma Al-Fatiha. Jasho likanitoka!

Si unajua, Kisukuma chetu cha asili hakina r. Tukichangamka, r na l zinabadilishana viti. Mchumba alikuwa anacheka, "Hebu rudia mpenzi!", nami nacheka naye. Lakini utani wa sebuleni ni kitu kimoja, swala ni kingine.

Nikamfuata mwalimu wa madrasa hapo hapo Bariadi, mzee mpole. Kumbe tatizo si la Wasukuma tu! Hata watu wa pwani husema "kalamu", wakati Mwarabu huianza kwa q, sauti ya nyuma kabisa, kwenye kidakatonge. Akanipa mfano: qalb ni moyo, kalb ni mbwa. Jamani, fikiria unamwomba Mungu akutakasie moyo! Ndiyo maana ipo elimu nzima ya tajwidi, inayotenganisha kosa la wazi, linaloweza kugeuza maana, na kosa lililofichika ambalo wajuzi ndio hulisikia.

Rafiki yangu wa ofisini, Mhindu wa Mwanza, aliposikia akaniambia nisijione mnyonge. Kwao, katika Veda za Kisanskriti, hata kupanda na kushuka kwa sauti kunahesabika. Wanasimulia jinsi Tvashtri alivyofanya ibada ya moto apate mwana wa kumuua Indra. Akapandisha sauti pasipo mahali pake kwenye neno moja tu, maana ikageuka: Indra ndiye atakayemuua mwana. Na ikawa hivyo. Msukuma, ambaye kwa lugha yake sauti ikipanda au kushuka neno linaweza kuwa jingine, hilo analielewa haraka.

"Ustadhi, sasa mimi je?" nikauliza.

"Mwanangu, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, anayesoma Qur'ani kwa taabu ana malipo mawili. Lakini haikusema uache kujifunza."

Tanga nilisoma polepole, macho chini. R moja ikaniponyoka, nikairudia. Mama mkwe hakucheka. Akaitikia "Amin", kisha akamgeukia mwanawe: "Na wewe unayemcheka mwenzio, q yako kwenye mustaqim mpaka leo ni k."