Vitenzi vya Kubomoka kwa Tuta na Dhana Tangulizi za Modeli za Mafuriko

1.0 Utangulizi

Mto Kigogo-Ruaha, unaopita Mgololo wilayani Mufindi, hushuka kutoka nyanda za juu kuelekea bonde la Kilombero. Mafuriko ya bonde hilo ni ya msimu: maji hupanda kidogo kidogo, na mkulima wa mpunga huyatarajia, pengine hata kuyahitaji. Hali ni nyingine kabisa pale ambapo mto umezuiwa kwa tuta. Huko Kilosa, mkoani Morogoro, mnamo Desemba 2009 na Januari 2010, tuta la Mto Mkondoa lilishindwa kuyahimili maji. Maelfu ya watu walipoteza makazi, na Reli ya Kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Mafuriko ya aina hii hutoka penye mwanya, kwa kasi, na muda wa kuyakimbia ni dakika au saa chache.

Wahandisi huukadiria muda huo kwa modeli, yaani hesabu za kompyuta zinazoiga mwendo wa maji. Msingi wa hesabu hizo ni wa zamani. Milinganyo yake mikuu ilichapishwa na Mfaransa Barré de Saint-Venant mwaka 1871. Lakini milinganyo peke yake haitoshi. Hapana budi mkokotoaji achukue mambo kadhaa kuwa ni kweli kabla ya kuanza, nayo ndiyo yanayoitwa hapa dhana tangulizi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba baadhi ya dhana hizo huwa zimekwisha kuingia katika taarifa kabla kompyuta haijawashwa, nazo huingia kwa njia ya kitenzi.

2.0 Mwanya na kitenzi chake

Dhana ya kwanza inahusu namna mwanya unavyofunguka. Kiswahili kina vitenzi vingi kwa jambo hili, wala havilingani maana. Mtungi *hupasuka*: ni tendo la mara moja. Ukingo *humeguka*, kipande baada ya kipande. Tuta *hutoboka* maji yanapojipenyeza ndani yake, labda kwa kufuata shimo la mnyama au mzizi uliooza, mpaka yakatokea upande wa pili. *Huporomoka* ubavu wake ulioloa unapoteleza. Maji yakipita juu, *humomonyoka* kuanzia mgongoni. *Kubomoka* hubeba yote hayo bila kubagua, na ndicho kitenzi kinachopendwa zaidi katika taarifa.

Tofauti hizi si pambo la lugha. Kiasi cha maji yanayopita penye mwanya hukadiriwa kwa kuzidisha upana wake kwa kina cha maji kilichopandishwa kipeo cha moja na nusu, pamoja na kizidishio maalumu. Upana ukiongezeka mara mbili, maji nayo huongezeka mara mbili. Kina kikiongezeka mara mbili, maji huongezeka karibu mara 2.8. Kwa hiyo mhandisi anayeambiwa kwamba tuta *limepasuka* akafungua mwanya wote kwa mkupuo, hupata wimbi kubwa na la mapema. Tuta la udongo aghalabu haliendi hivyo. Hupanuka kwa dakika nyingi au kwa saa, na wakati huo mto wenyewe hupungua kimo kwa kuwa maji yake yanatoka. Upungufu huo waweza kuliokoa tuta la kijiji kilicho chini zaidi. Modeli inayoshikilia kimo cha mto pale pale huvizamisha vijiji vyote viwili.

Dhana nyingine iliyozoeleka ni kwamba tuta halishindwi mpaka maji yafike juu yake. New Orleans, mwaka 2005, baadhi ya kuta za mifereji zilianguka kabla maji hayajazifikia kilele. Aliyetarajia *kufurika* alipata *kuporomoka*.

3.0 Mfano wa Mai Mahiu

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliwaua makumi ya watu karibu na Mai Mahiu nchini Kenya. Taarifa za mwanzo zilisema kwamba bwawa limepasuka. Baadaye wizara inayohusika na maji ilieleza kwamba hapakuwa na bwawa: maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli, baada ya njia ya maji iliyo chini yake kuzibwa na takataka na udongo, kisha yakabomoa. Nomino *bwawa* humpa mkokotoaji ujazo unaojulikana na mahali palipo katika orodha. Tuta la reli halimo katika orodha ya mabwawa, na ujazo wake hutegemea mvua ya usiku ule tu. Yafaa ikumbukwe kwamba reli ya Kilosa nayo inafuata bonde la Mkondoa.

4.0 Ardhi na mtenda

Mara nyingi modeli huchukua sura ya ardhi kutoka vipimo vya angani, kama vile vilivyochukuliwa na chombo cha Marekani mnamo Februari 2000. Vipimo hivyo hutoa kimo kimoja kwa mraba wenye upande wa meta 30 hivi. Tuta lenye upana wa meta chache humezwa ndani ya mraba huo, na modeli huonyesha maji yakitambaa uwandani kana kwamba halikujengwa. Tiba yake ni kulipima kwa miguu na kuliingiza kwa mkono.

Limebaki suala la kauli. *Limebomoka*, *limetoboka* na *limekatika* ni vya kauli ya kutendeka, ambayo haimtaji mtenda wala haina nafasi ya kawaida ya kumweka. *Limekatwa* na *limebomolewa* humkubali. Mahali mwanya unapoanzia ni dhana nzito kuliko zote, na taarifa ikisema *limekatika*, mkokotoaji huelekea kuutawanya uwezekano huo kwa usawa katika urefu wote wa tuta. Kumbe huenda lilikatwa na mtu aliyetaka maji ya bustani, au lilikanyagwa na ng'ombe waendao mtoni, kila siku kwa njia ile ile. Wanakijiji huijua njia hiyo. Wakiulizwa *nani au nini kililidhoofisha tuta, na wapi*, watapataja mahali hapo; wakiulizwa tu *tuta lilibomoka lini*, watatoa tarehe.